Makande katika Somo la Lugha

 

Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Huko ughaibuni, mwalimu wa Kiswahili akifika kwenye somo la sherehe, mara nyingi huwaonjesha wanafunzi wake pilau na chapati. Hufanya vema, maana neno lililopita kinywani pamoja na chakula halisahauliki upesi. Swali langu juma hili ni la nyumbani: mtoto wetu wa Same, anayesoma Kiswahili tangu darasa la kwanza, ameonjeshwa nini?

Hivi karibuni nilimsikiliza kijana wa kidato cha pili akinisomea insha yake kuhusu sikukuu. Pilau, soda, keki. Ingeandikwa Dodoma au Mwanza isingebadilika hata neno. Nilipomwuliza kuhusu makande, akacheka. Kwake makande ni chakula cha bweni, kitu cha kuvumiliwa. (Nakiri kwamba hata sisi tuliopita seminari tulikuwa tukiyahesabu maharage sahanini.) Hajui tofauti ya kukoboa na kusaga. Hajamwona bibi yake akitwanga mahindi kinuni, akiyapeta kwa ungo pumba zitoke, akiyachemsha na maharage kwa saa nyingi hadi yaive, ndipo ayaunge kwa kitunguu na nyanya. Maneno hayo yote ni Kiswahili fasaha. Yamo kwenye kamusi, ila hayamo tena kinywani mwake. Na Chasu, ambacho hakina kipindi shuleni, kimebaki na bibi huyo huko mlimani, naye mjukuu akipanda kumsalimu huitikia kwa kutikisa kichwa.

Wapo watakaosema padre anafufua ukabila. La hasha! Kiswahili kimetuunganisha, nami huhubiri kwa lugha hiyo. Lakini tazameni milima yetu: katika ukoo mmoja wamo Waislamu, Walutheri, Wakatoliki na Waadventista Wasabato, ambao Kanisa lao lilifika Upare mwaka 1903. Nyama huweza kututenga mezani. Huyu hali nguruwe, yule auliza nani kachinja. Makande yasiyotiwa nyama hayamwulizi mtu dini yake.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 12, mkate usiotiwa chachu na mboga zenye uchungu huwekwa mbele ya familia, na inatarajiwa kabisa kwamba watoto watauliza maana ya ibada hiyo. Mtoto hataulizia chakula ambacho hakijapata kuwekwa mbele yake.

Basi, Jumamosi hii baada ya mafundisho ya Kipaimara, bibi zetu wawili watapika nyuma ya nyumba ya mapadre. Watoto watakoboa mahindi wenyewe, na kila kitu kitatajwa kwanza kwa Chasu, kisha kwa Kiswahili. Walimu wa lugha, wa dini yoyote, karibuni sana. Kila mtoto aje na bakuli lake. Kinu tunacho, mchi bado tunautafuta.