Mapunye ya watoto: mafuta ya mimea yapimwe, lakini dawa itolewe sasa

Karavia, Lubumbashi – Pale familia mbili ao tatu zinapolala chumba kimoja, kichana kimoja kinapita kichwa hadi kichwa. Ndivyo mapunye, ile teigne ya watoto, yanavyosambaa, na familia zilizokimbia vita ndizo zinabanwa zaidi. Mzazi asiye na pesa anatafuta dawa karibu: majani ya kivumbasi, mchaichai, mafuta ya karafuu.

Mzazi huyo hastahili kuchekwa. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, ya mchaichai yana sitrali, na katika maabara yote mawili yanaua kuvu kwa kutoboa ngozi ya chembe yake. Shida ni kwamba mafuta haya yanaruka upesi hewani, hayachanganyiki na maji, na yakipakwa bila kupunguzwa nguvu yanaunguza ngozi ya mtoto.

Hapo ndipo nanoteknolojia inaingia. Wataalamu wanayafunga mafuta ndani ya matone madogo sana, mara nyingi chini ya nanomita 200, wakati unywele mmoja una unene wa karibu nanomita 80,000. Tone la namna hiyo linachanganyika na maji na kuachilia dawa polepole.

Wala si ndoto. Amfoterisini B, dawa ya zamani ya kuvu yenye kuumiza figo, ilifungwa katika vifuko vidogo vya mafuta ili ipunguze madhara. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu, Uganda ikiwa kati ya inchi tano za Afrika zilizoshiriki, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (OMS) likakubali itolewe kwa dozi moja kubwa, pamoja na vidonge vingine.

Lakini dawa ile ilipimwa kwa watu kabla ya kusifiwa. Mafuta ya mimea ya nano bado hayajafika hapo. Kwa hiyo atakayeuza chupa sokoni akisema ni «nano» aulizwe: ilipimwa wapi, na kwa watoto wangapi?

Tena mapunye ya kichwa yanaingia hadi kwenye mizizi ya nywele, mahali pomada haifiki vizuri. Yanahitaji dawa ya kunywa, kama griseofulvini, kwa majuma kadhaa. Dawa hiyo inajulikana tangu miaka ya 1950.

Basi kazi ni mbili. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha famasia, na mimea iko hapa hapa: wakubwa wasaidie utafiti ufanyike nyumbani. Lakini mtoto anayejikuna leo asingojee utafiti huo. Vituo vya afya vipewe griseofulvini, na familia za wahami zisilipishwe. Wazazi nao watenge vichana, wachemshe wembe na vitambaa, na wampeleke mtoto kwa muganga wa kituo mapema, mbele ndugu zake hawajaambukizwa.