Wabunifu majengo vijana wapelekwe kwenye ujenzi

Kijana anayehitimu ubunifu majengo katika Chuo Kikuu Ardhi hawi mbunifu kamili siku anapovaa joho. Hana budi kufanya kazi kwanza chini ya wataalamu waliosajiliwa, kisha apimwe na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Utaratibu huo ni wa haki. Wananchi hawajasahau Machi 29, 2013, jengo lililofikia ghorofa 16 lilipoporomoka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36. Wala Novemba 16, 2024, ghorofa ilipoanguka Kariakoo na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha.

Lakini zipo ofisi zinazomweka kijana huyo mbele ya kompyuta kutoka asubuhi hadi jioni, akisafisha michoro ya wakubwa wake. Hapandi jukwaa la ujenzi, wala hamsikii fundi akibishana na msimamizi juu ya kipimo cha saruji. Anamaliza muda wa mafunzo akiijua vyema programu ya kuchorea, naye hajapata kukanyaga zege bichi. Huko si kumlea mtaalamu, ni kumtumia.

Semina za kuendeleza taaluma zipo, nasi tunazipongeza. Hata hivyo, semina ya hotelini, wazee wakiwa viti vya mbele na vijana karibu na mlango, haiwezi kuziba pengo hilo (na tunajua posho za semina zina wapenzi wake).

Marehemu Beda Amuli, aliyezaliwa mwaka 1938, hakuwa ametimiza miaka 40 Soko la Kariakoo, alilolibuni yeye, lilipofunguliwa mwaka 1975, na paa lake la miavuli ya zege. Taifa changa lilimkabidhi kijana wake soko kuu la mji. Soko hilo lilipoungua Julai 2021, ukarabati wake ulikuwa darasa ambalo kila mhitimu wa fani hii alistahili kupitishwa.

Madarasa ya namna hiyo yamejaa nchini. Ilipoamuliwa mwaka 2021 kujengwa madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, walimu wakuu na wakuu wa shule walijikuta wakihesabu nondo na kupokea mchanga. Waliifanya kazi hiyo kwa moyo, wakati mwingine usiku, ingawa si kazi waliyosomea. Mbunifu kijana angewafaa sana. Ramani moja ikijengwa Makete kwenye baridi na Lindi kwenye joto, lazima awepo mtu wa kutazama jua linachomoza wapi na upepo unavuma kutoka wapi kabla msingi haujachimbwa. Naye angejifunza kwa mafundi na wazee wa kijiji mambo yasiyofundishwa chuoni.

Tunaishauri Bodi iwape vijana nafasi ya kukutana mara kwa mara penye majengo yanayojengwa, na wananchi wa mahali hapo waalikwe kuuliza maswali. Muda wa kijana katika miradi ya halmashauri, chini ya mtaalamu aliyesajiliwa, uhesabiwe katika mafunzo yake. Nao wakurugenzi, wanapopanga bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, watenge nauli na malazi ya vijana hao. Wakuu wa shule wasingoje: wanapopokea barua ya kujenga, waandike siku hiyo hiyo kumwomba mbunifu.