"Spea iko" si jibu

Wahenga walisema akiba haiozi. Sina nia ya kuwakosoa, maana walioitunga methali hiyo walikuwa wakifikiria nafaka ghalani wala hawakuwa na habari ya magari. Hata hivyo, kuna akiba moja ambayo huoza, tena huoza kimyakimya, nayo ni gurudumu linaloning'inia chini ya gari. Nimelijua hilo kwa njia ya aibu. Na kwa kuwa aibu yenyewe inawahusu walimu wenzangu na wanafunzi wetu, nimeona afadhali niieleze hadharani kuliko kuifunika.

Hivi majuzi nilitoka Kisumu na wanafunzi kumi wa isimu kwa gari dogo la abiria. Tulikuwa tunaelekea Luanda Kotieno, tuvuke kwa feri hadi Mbita, tukakutane na wavuvi wa omena walioahidi kutueleza msamiati wa kazi yao: majina ya nyavu, ya sehemu za mashua na ya pepo za ziwani. Wavuvi wa omena huvua usiku kwa taa, kwa hivyo tulikuwa tumetengewa saa chache za alasiri, kabla hawajaingia majini. Kabla ya kuondoka nililetewa fomu ya safari yenye orodha ya vitu vya kukaguliwa. Nilipofika kwenye gurudumu la akiba, nilimuuliza dereva nikiwa nimekwisha kuketi: "Mzee, spea iko?" Akajibu, "Iko, Daktari." Nikatia alama, nikatia sahihi, tukaondoka.

Tulipita Kisian, tukapita Holo na Akala. Kabla ya kufika Ndori, gurudumu la nyuma upande wa kushoto likaishiwa upepo. Dereva akaliegesha gari kando ya barabara, akaingia chini kulishusha gurudumu la akiba. Mnyororo unaolishikilia ulikuwa umeshikwa na kutu, ukagoma kuzunguka. Ilituchukua karibu saa nzima kuulegeza kwa nyundo ya kuazima. Gurudumu lilipoanguka chini halikudunda. Halikuwa na upepo hata kidogo, na ubavu wa tairi ulikuwa na nyufa mithili ya ardhi ya kiangazi.

Ilibidi mwendesha bodaboda alichukue lile lililotoboka hadi kwa fundi wa kuziba pancha huko Ndori. Nasi tukabaki kando ya lami, malori yakitupita kwa kasi iliyotikisa gari letu. Mmoja wa wanafunzi, binti aliyelelewa Kondele jirani na karakana, alimwona dereva akianza kuliinua gari kwa jeki kabla ya kugusa nati. "Mzee," akamwambia kwa adabu, "tulegeze nati kwanza, gurudumu likiwa bado chini. Likiinuka litazunguka nawe." Akatafuta mawe mawili ya kuzuia magurudumu ya mbele, akatafuta na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki iliyokuwa imeanza kuzama katika udongo. "Asante, nyathina," dereva akasema, yaani mwanangu kwa Kijaluo. Mimi mwenye shahada ya uzamifu nilikuwa nimesimama pembeni, nimeshika fomu yenye sahihi yangu.

Feri tuliikosa. Tulipofika upande wa pili jua lilikuwa limezama na wazee tuliowafuata walikuwa wamekwenda ziwani. Hiyo ni hasara ndogo. Ningekuwa na watoto wa shule ya msingi, usiku, mvua ikinyesha, ningekuwa naandika makala ya namna nyingine.

Sasa nirejee katika fani yangu. Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali ambavyo kila mwalimu hufundisha. Kiambishi -po huonyesha mahali dhahiri, -mo huonyesha mahali pa ndani, na -ko huonyesha mahali pasipo dhahiri. Mtu akisema kitu "kiko", amekwambia tu kwamba kinapatikana mahali fulani. Hajakwambia kama ni kizima au kibovu. Dereva wangu, basi, hakusema uongo. Spea ilikuwako. Kosa lilikuwa katika swali langu, kwani niliuliza juu ya kuwako kwa kitu nilipotakiwa kuuliza juu ya kufaa kwake.

Tukumbuke kwamba magari ya kwanza hayakuwa na gurudumu la akiba. Aliyepata pancha alilazimika kulivua tairi na kuliziba papo hapo njiani. Mwaka 1904, katika mji wa Llanelli huko Wales, Thomas Morris Davies na nduguye walibuni gurudumu la akiba na kuliuza kwa jina la Stepney, ambalo ni jina la mtaa wa mji huo. Hadi leo nchini India watu wengi huliita gurudumu la akiba kwa jina hilo. Jambo la kushangaza ni kwamba baada ya zaidi ya miaka 100 tumeanza kurudi tulikotoka, kwa sababu baadhi ya magari mapya hutengenezwa bila gurudumu la akiba, yakapewa badala yake chupa ya dawa ya kuziba tundu na pampu ndogo. Mengi ya magari yetu tunayanunua Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Kwa hivyo hata lile neno "iko" halina tena uhakika mpaka mtu afungue na kutazama.

Magari hayo huja pia na kibandiko karibu na mlango wa dereva, kinachoeleza kiasi cha upepo unaotakiwa katika matairi. Maelezo yake mara nyingi ni ya Kijapani, na vipimo ni vya kilopaskali, ilhali mafundi wetu huhesabu kwa paundi. Kilopaskali 350, kwa mfano, ni kama paundi 51 kwa kila inchi mraba. Hesabu hiyo haimshindi mwanafunzi yeyote wa sekondari. Lakini ni nani aliyewahi kuombwa aifanye, kisha aandike jibu kwa Kiswahili juu ya kibandiko kile?

Maswali yanayostahili kuulizwa kabla ya safari si mengi. Je, gurudumu limeshushwa hadi chini likaonekana, na mnyororo wake umetiwa grisi? Je, upepo umepimwa kwa kipimo, si kwa teke? Je, tairi ni la ukubwa uleule wa mengine? Je, lina umri gani? Ubavuni mwa tairi huwa na tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivi kwamba 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huchakaa hata usipotumika, na tairi lenye nyufa halifai hata kama halijatembea kilomita moja. Mwisho, je, jeki, spana ya nati, ubao na vibao vya pembetatu vya kutahadharisha vimo garini? Hapo ndipo -mo inapofaa.

Na gurudumu likitoboka njiani, utaratibu ni huu. Abiria washuke na kusimama mbali na barabara, vibao vya tahadhari viwekwe, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yazuiwe kwa mawe. Nati zilegezwe kabla ya gari kuinuliwa, na mtu yeyote asiingie chini ya gari lililo juu ya jeki. Gurudumu jipya likishavikwa, nati zikazwe kwa kukabiliana, si kwa kufuatana. Gari likishushwa zikazwe tena, na baada ya mwendo wa makumi kadhaa ya kilomita zijaribiwe upya. Kisha lile lililotoboka lizibwe siku hiyohiyo, maana mwenye kuahirisha ameanza safari ya kesho bila akiba.

Simlaumu dereva. Yeye hukabidhiwa gari alfajiri na kutakiwa kuondoka papo hapo, wala hapewi muda wa kulala chini ya gari na kukagua minyororo. Sisi tunaotia sahihi ndio wenye dhamana. Ugonjwa huu wa "iko" umetuenea. Sheria za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, enzi za Waziri John Michuki, zilitaka mikanda ya usalama, na mikanda ikawekwa. Leo mingi yao imefungwa mafundo chini ya viti, lakini ukiuliza utaambiwa iko. Shuleni nako, mtungi wa kuzimia moto uko, ila mshale wake umelala kwenye sufuri. Sanduku la huduma ya kwanza liko, ila ufunguo wake hauko.

Wajibu wetu walimu wa Kiswahili si mdogo hapa. Kila muhula tunawaagiza wanafunzi waandike insha juu ya safari ambayo hawataisahau, wakatuletea jua lililochomoza kwa madaha na ndege walioimba matawini. Hebu muhula mmoja tuwapeleke kwenye gari la shule, washushe gurudumu la akiba, wasome tarakimu, wapime upepo, kisha waandike maelekezo ya kukagua yanayoenea ukurasa mmoja. Karatasi iliyo bora ibandikwe ndani ya mlango wa dereva, kwa Kiswahili ambacho yeye na abiria wake wanakielewa. Mwanafunzi atakuwa amejifunza uandishi wa maelekezo, na shule itakuwa imepata chombo cha kuokoa maisha.

Wavuvi wa Mbita wamekubali kutupokea tena. Safari hii nimeomba gari siku moja kabla, na yule binti wa Kondele ndiye atakayesimamia ukaguzi. Fomu nitaitia sahihi mimi, lakini baada ya kupiga magoti nyuma ya gari na kujionea kwa macho yangu.