Wakili wa Halmashauri ni Wakili wa Nani?

Juma hili sitaandika habari za vyeti vya ubatizo wala za michango ya vigango, kama ilivyo desturi yangu katika ukurasa huu. Nina deni moja moyoni, nami nimeona heri nilitaje mbele yenu, maana huenda habari yake ikamfaa mtu mwingine aliye na shida kama hiyo.

Mwezi wa Februari mwaka 2025 alifika ofisini kwangu mzee mmoja wa kigango chetu. Aliegemeza fimbo yake mlangoni, akaketi, akapumua, kisha akasema: “Mwanangu karani, niandikie barua kwa mwanasheria wa halmashauri. Nataka anitetee.”

Nikamwuliza, “Akutetee juu ya nani, baba?”

Akajibu, “Juu ya halmashauri.”

Msicheke. Mimi mwenyewe sikucheka, kwa kuwa hata mimi siku ile sikujua sawasawa kazi ya mtu huyo ni nini. Nilijua tu kwamba katika kila halmashauri ya wilaya yumo mwanasheria, analipwa mshahara, ana ofisi na mhuri. Na kwa kuwa ushuru wa mazao yetu huingia katika fedha za halmashauri, mzee aliona ni haki yake kumtumia mwanasheria huyo kama atumiavyo kisima cha kijiji.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka 2024 halmashauri ilipasua barabara ya kwenda zahanati. Barabara hiyo ni njema, wala hakuna mtu aliyeikataa. Akina mama wanaoelekea kujifungua ndio wajuao faida yake. Lakini katambuga lilipita pembeni mwa shamba la mzee, likang'oa mibuni 23 na migomba yake, naye hakulipwa hata senti. Alikwenda kwa Mtendaji wa Kijiji, akaambiwa asubiri. Alikwenda Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 halihukumu tena mashauri ya ardhi bali hupatanisha tu; wakamwambia kwamba halmashauri haikuitika wito. Ndipo akaja kwangu.

Basi sikuandika barua. Nilimwomba Padre ruhusa ya siku moja, tukapanda gari la asubuhi, mzee na mimi, mpaka makao ya halmashauri, ambayo yeye huyaita bomani hata leo.

Mwanasheria tuliyemkuta ni mama kijana, umri wake haupiti wangu. Mafaili yalikuwa yamepangwa ukutani hata yakaziba nusu ya dirisha. Alisimama akasema, “Shikamoo baba,” akamvutia mzee kiti kilicho imara. Mzee akafurahi. Akaanza kusimulia: mibuni ilipandwa mwaka gani, nani alikuwa shahidi, na tena kwamba mtoto wake mkubwa alikuwa amepokea—

Mama yule akainua mkono wake polepole. “Baba, acha kwanza. Usiniambie zaidi. Ukienda mahakamani, mimi nitakuwa upande wa pili. Yote utakayonieleza hapa nitalazimika kuyatumia.”

Mzee alinyamaza. Akanitazama mimi, kama mtu aliyeuzwa. “Binti yangu,” akasema, “kwani wewe si wa serikali yetu?”

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo sikulipata chuoni. Alitueleza kwa uvumilivu, nami nitawapasha kama nilivyoelewa. Halmashauri ya wilaya, kwa sheria ya mwaka 1982, ni mtu. Si mtu wa nyama na damu, bali mtu wa kisheria: ana jina lake, ana lakiri yake, aweza kununua na kuuza, kushtaki na kushtakiwa, na madiwani wakiondoka wote leo yeye habadiliki. (Wazee watakumbuka kwamba halmashauri za wilaya zilikwisha kufutwa mwaka 1972, sheria hiyo ya 1982 ndiyo iliyozirudisha, zikaanza kazi tena mwaka 1984.) Mtu huyo asiye na mwili ndiye anayemtumikia mwanasheria yule. Hamtumikii Mkurugenzi kwa nafsi yake, wala diwani, wala mimi na wewe mmoja mmoja. Sisi Wakatoliki tusione ajabu, kwa kuwa mashamba ya jimbo nayo hayaandikwi jina la Askofu bali jina la Wadhamini Waliosajiliwa.

“Basi kazi yako ni kutushinda sisi,” mzee akasema.

“Hapana, baba. Kazi yangu kubwa ni kuwazuia hawa wasikosee.” Akaonyesha kwa kidole chumba cha mikutano cha madiwani, ng'ambo ya ua.

Na kweli, mahakama ni sehemu ndogo ya kazi yake. Tangu ilipoanzishwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali mwaka 2018, kesi nyingi nzito huendeshwa na ofisi hiyo, naye huandaa karatasi na mashahidi. Siku zake nyingi humalizika mezani. Mkataba wa kujenga darasa au wa kukodisha kibanda cha sokoni lazima usomwe naye kabla ya kutiwa sahihi. Madiwani wakikaa barazani, yeye huketi karibu na Mkurugenzi ili waulizapo, “Je, sheria inaturuhusu?” apatikane wa kujibu. Mara nyingi jibu lake huwa ni hapana, na kwa ajili hiyo, alisema akicheka, hapewi soda ya kwanza.

Sheria ndogo ndizo alizozieleza kwa furaha zaidi. Kijiji kikitaka kutunga sheria ndogo, Halmashauri ya Kijiji huitunga, Mkutano Mkuu wa Kijiji hutoa maoni yake, kisha hupelekwa wilayani ikubaliwe na Baraza la Madiwani. Haina nguvu kabla ya hapo. Mwanasheria huisoma kila neno. Alipata kuirudisha ya kijiji kimoja iliyosema kwamba mtu ye yote asiyefika katika kazi za pamoja atachukuliwa mbuzi wake. Kijiji hakina mamlaka ya kumnyang'anya mtu mali yake hivyo, pasipo kesi wala hukumu. Wakubwa wa kijiji walinuna. Lakini mbuzi wa watu wakapona, na wenyewe hawajui hata leo ni nani aliyewaponya.

Niliporudi nyumbani Padre alinikumbusha kwamba Mtakatifu Thomas More, kabla ya kuwa waziri mkubwa wa mfalme wa Uingereza, alifanya kazi ya namna hii. Tangu mwaka 1510 hata 1518 alikuwa mwanasheria wa mji wa London, akiwashauri wakubwa wa mji na kuamua mashauri madogo ya raia. Rafiki yake Erasmus aliandika kwamba aliwasamehe wenye kesi ada zilizompasa. Sisi humkumbuka kwa kifo chake cha mwaka 1535. Mimi sasa namkumbuka pia kwa ile miaka minane ya mafaili.

Lakini nirudi katika ofisi ile, maana deni langu sijalitaja bado.

Mwanasheria alisema, “Baba, mimi siwezi kukutetea, walakini si siri nikikuonyesha karatasi ya mkutano wenu wa hadhara.” Akatoa faili, akafungua, akaiweka mbele yetu. Nilitambua mwandiko kabla sijasoma neno. Ulikuwa wangu.

Mwaka 2023 Mtendaji wetu alikuwa na kazi nyingi, akaniomba nimsaidie kuandika muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Niliona ni heshima. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kuandika muhtasari safi usio na maneno mengi, na mwandiko wangu ulisifiwa. Usiku ule nikaandika: “Wanakijiji wote walikubali kwa kauli moja kutoa ardhi bure kwa ajili ya barabara.” Sentensi nzuri. Lakini haikuwa kweli. Mzee huyu alisimama mkutanoni, akiegemea fimbo hii hii, akasema, “Barabara naitaka, lakini kahawa yangu ilipwe.” Watu wakanung'unika kidogo, mwenyekiti akasema, “Tumesikia,” tukaendelea na jambo la maji. Mimi nikaona maneno ya mtu mmoja yatauchafua muhtasari.

Nyuma yake ilishikizwa orodha ya mahudhurio, na humo kidole gumba cha mzee. Alikitia ili kuonyesha kwamba alifika. Lakini ye yote aliyesoma karatasi mbili zile pamoja angedhani kwamba alitia dole kukubali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema mtu akichukuliwa ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Na mimi, kwa mstari mmoja, nilikuwa nimemfanya mzee aonekane ameisamehe haki hiyo.

Mzee hajui kusoma. Aliniuliza, “Imeandikwaje, mwanangu?”

Wasomaji wapenzi, nilimsomea. Sikupata kusoma kitu kizito kama kile, hata barua ya kifo. Hakukasirika. Alisema tu, “Mbona nilisema?”

Nikamwambia mwanasheria kwamba mwandiko ni wangu na maneno si ya kweli. Naye hakunipa pole. Akachukua kalamu, akasema, “Haya unayonieleza nayaandika. Lakini maneno ya mdomo hayatoshi kuondoa karatasi. Ukiwa tayari, ukaape.” Kisha akamgeukia mzee, akamweleza mambo mawili: kwanza, atafute mtu wake wa kumsaidia, maana sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 imeweka wasaidizi wa kisheria hata huku kwetu, wasiotoza kitu, pili, asikimbilie mahakamani kabla ya kutoa taarifa ya kusudio la kushtaki, kwa kuwa mabadiliko ya mwaka 2020 yaliweka taarifa ya siku 90 kwa mtu anayetaka kuishtaki serikali ya mitaa, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe katika shauri. Wengi hukosa haki zao kwa kuruka hatua hiyo, alisema. Nikastaajabu kuona mtu wa upande wa pili akimwonyesha mwenzake mahali penye shimo.

Msaidizi wa kisheria wa kata jirani, ambaye ni mwalimu mstaafu, aliandika taarifa. Nakala moja ikaenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mimi nilikwenda kwa kamishna wa viapo, nikaapa kwamba mstari ule si wa kweli na kwamba mzee alipinga. Baadhi ya watu kijijini walinilaumu. Walisema nimemwaibisha Mtendaji na kuichelewesha miradi mingine. Labda ni kweli kwamba Mtendaji aliaibika. Nami nilimwomba radhi, kwani aliniamini.

Yule mama alimwandikia nini Mkurugenzi wake sikuambiwa, wala si haki yangu kujua. Siri za anayemtumikia ni amana kwake. Nilichokiona ni kwamba mwezi wa Aprili, mvua zikinyesha, siku 90 hazijatimia, alikuja mthamini na kamba yake na daftari. Alihesabu visiki vya mibuni, kimoja kimoja, mzee akimfuata nyuma na kuhesabu kwa sauti ili wasihitilafiane. Mwezi wa Agosti fedha zikalipwa. Hazikuwa nyingi kama alivyotaka mzee, wala si kidogo kama nilivyoogopa mimi.

Mwezi wa Septemba ulifanyika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mtendaji aliniomba tena niandike, jambo ambalo sikulitazamia. Nilipomaliza, nikaanza kukunja karatasi nikaziandike vizuri nyumbani. Mzee akasimama kule nyuma chini ya mwembe, akagonga fimbo yake chini.

“Karani,” akasema, “soma kwanza.”

Nikazikunjua, nikasoma yote, mbele ya watu wote, mpaka mstari wa mwisho.