Anayefunga mtandao na aweke sahihi

Juni 24, 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitangaza kwamba haina nia ya kuzima intaneti. Kesho yake, vijana wakiwa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, mtandao ukazorota. Kampuni za simu zikasema ni hitilafu ya nyaya za chini ya bahari. Mwananchi aliyeshuku akabaki na maneno matupu, hana hati ya kuyapimia wala ya kupeleka mahakamani.

Zimbabwe mambo yalikwenda vingine. Januari 2019, wakati wa maandamano ya kupinga bei ya mafuta, kampuni ya Econet iliwaarifu wateja wake waziwazi kwamba serikali imeiamuru izime intaneti. Wanasheria wakapata pa kushika. Januari 21 Mahakama Kuu ikalitupa agizo hilo kwa sababu waziri aliyelitoa hakuwa na mamlaka hayo kisheria. Kama agizo lingebaki siri, nani angejua kwamba limetoka kwa mtu asiyehusika?

Hatusemi kila kinachofungwa, iwe ni mtandao mzima au tovuti moja, kimeonewa. Picha za kudhalilisha watoto ziondolewe, tena leo. Ila hata Saudi Arabia, ambayo haina sifa ya uhuru wa maoni, humwonyesha mtumiaji ukurasa unaosema kuwa tovuti imefungwa, pamoja na njia ya kuomba ifunguliwe. China tovuti hugoma tu kufunguka, usijue ni mkono wa serikali au ni mtandao wako mbovu.

Uwazi wenyewe lakini hautoshi. Januari 10, 2020 Mahakama ya Juu ya India, katika kesi ya kuzimwa kwa mtandao huko Kashmir, iliamua kila agizo la kuzima intaneti lichapishwe ili anayetaka alipinge. Hadi leo majimbo mengi hayachapishi, kwani asiyechapisha hafanywi lolote.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Agizo lichapishwe siku hiyo hiyo. Litaje aliyelisaini, kifungu cha sheria na siku ya mwisho. Kampuni za simu ziwe huru kuwaambia wateja wao. Na afisa anayelificha alipe faini kutoka mfukoni mwake, si kwa kodi zetu. Tukiliacha hilo la nne, tutaishia na haki iliyoandikwa vizuri kwenye makaratasi, huku mtandao ukiendelea kuzimwa bila anayeuzima kujulikana.