Mbuzi wa Mapacha Hafi kwa Bahati Mbaya: Tuwapime Mapema

Leo sikuletei dawa wala mbegu ya malisho. Nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi mnaniambia ni la matajiri: kumpima mbuzi mwenye mimba kwa ultrasaundi ili kujua amebeba watoto wangapi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita mama mmoja aliniita bandani kwake. Mbuzi wake wa maziwa alibakiza wiki mbili azae, tumbo limejaa, lakini alikuwa anasusa chakula na kujitenga. Nikamwambia, "Mama, huo ni uzito wa mimba tu, mwongezee majani." Siku ya tatu mbuzi akafa. Tulipompasua tulikuta watoto watatu. Yule mama hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kilichomuua ni njaa ya ndani. Karibu asilimia 70 ya uzito wa watoto tumboni huongezeka katika wiki 6 hadi 8 za mwisho. Wakiwa wawili au watatu wanalibana tumbo la chakula, kwa hiyo mama anahitaji nguvu nyingi wakati nafasi ya majani imepungua. Mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake, ini linazidiwa, na sumu inajaa kwenye damu. Ndiyo maana majani peke yake hayatoshi. Na usidanganyike na unene: mbuzi aliyenona kupita kiasi yumo hatarini sawa na aliyekonda.

Mnaniambia, "Bwana ugani, babu zetu walifuga bila mashine." Kweli. Lakini mbuzi wa babu alitembea mchana kutwa akichagua mwenyewe majani mazuri. Wako yuko bandani, anakula ulichombebea. Ukikosea hesabu, hana pa kwenda kujazia.

Ultrasaundi inakupa hesabu hiyo. Daktari anaweka kifaa kwenye ngozi ya tumbo, karibu na kiwele, na kwa dakika chache anaona kwenye kioo kama kuna mimba na watoto wangapi. Inaonyesha pia mimba ya uongo, ambapo kizazi kimejaa maji tu, tatizo lisilo geni kwa mbuzi wa maziwa. Bila kipimo unalisha tumbo la maji miezi mitano.

Ila muda ni muhimu. Wakati mzuri wa kuhesabu ni siku ya 45 hadi ya 90 tangu kupandwa. Mapema mno utakosa kuona. Ukichelewa, watoto wamekuwa wakubwa, hawaenei kwenye picha, na hesabu inakosewa. Kwa hiyo daftari linatangulia mashine. Mbuzi aliyepandwa Juni 1 apimwe kati ya Julai 16 na Agosti 30, na mtarajie azae mwishoni mwa Oktoba. Kama hujaandika tarehe ya kupandisha, usitupe hela yako. Anza na daftari.

Kuhusu gharama, kinachotuumiza zaidi ni safari ya daktari. Akija kwa mbuzi mmoja, ni ghali. Wafugaji kumi mkipandisha mbuzi wenu katika wiki zinazokaribiana, mkachangia safari moja, mzigo unakuwa mwepesi. Linganisha mchango huo na bei ya mbuzi mmoja wa maziwa pamoja na watoto wake.

Ukishajua ana mapacha, fanya hivi:

1. Wiki 6 kabla ya kuzaa, anza kumpa robo kilo ya pumba za mahindi iliyochanganywa na mashudu ya alizeti kila siku, nusu asubuhi na nusu jioni. Panda taratibu hadi nusu kilo. Usimpe nyingi ghafla, utamvuruga tumbo.
2. Majani yawe laini na mabichi, kama lusina au matembele. Maji safi na jiwe la chumvi visikosekane.
3. Asisafirishwe, asifukuzwe, wala asikose mlo hata mmoja.
4. Akisusa chakula, akisaga meno, akiyumba au pumzi yake ikinukia utamu wa ajabu, mwite daktari siku hiyohiyo. Usingoje kesho kama nilivyongoja mimi.

Nawe mfanyabiashara wa mnadani, usilipie "mimba ya mapacha" kwa kutazama tumbo. Uliza tarehe ya kupandwa na kama amepimwa. Kwa ng'ombe, kumbuka hili: mtamba aliyezaliwa pacha na dume, zaidi ya tisa kati ya kumi hawazai. Muuzaji asiyekuambia hivyo anakuuzia nyama kwa bei ya maziwa.

Msimamo wangu ni huu: mashine haimlishi mbuzi, na mfugaji asiye na pumba wala daftari haitamsaidia. Lakini mwenye navyo, halafu akaacha kupima, analisha gizani. Mimi niliwahi kushauri gizani, na mama wa watu akapoteza mbuzi wanne kwa siku moja.

Kikao cha kikundi chenu kijacho, liwekeni jambo hili mezani.