Mchezaji Akihama Bado ni Wetu

Kila msimu wa usajili ukifika, kuna neno moja ambalo husikika mno katika mabaraza yetu hapa Mombasa, nalo ni neno "msaliti". Mchezaji aliyekuwa akisifiwa juzi, akibebwa mabegani na kupewa majina ya utani, leo akitia saini klabu nyingine jina lake hugeuka shubiri midomoni mwa watu. Kahawa ikimiminwa, mmoja husema kijana yule hakuwa na shukrani. Wa pili husema amepofushwa na pesa. Wa tatu huapa kwamba hatataka hata kusikia habari zake tena. Sisi watu wa pwani, tulio mahodari wa kuhifadhi nasaba hata babu wa saba, tumekuwa wepesi mno wa kumfuta mtu katika daftari la timu.

Mimi naona jambo hili halifai, na ningeomba wasomaji wanivumilie nieleze sababu zangu.

Binti akiolewa Unguja au Tanga, hakuna aendaye kwa wazazi wake kuwaambia kwamba mwana wao amewasaliti. Bali kila msafiri atokaye huko huulizwa: "Fulani hajambo? Ameshajifungua? Wakwe zake wamemchukuaje?" Habari zake njema ni furaha ya nyumba nzima, na akipata taabu ndugu zake hufunga safari. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Basi kwa nini kijana tuliyemwona akianza kupiga danadana mchangani, tukamlea kwa makofi na vigelegele, asiulizwe hali yake pindi anapovuka mto kwenda kutafuta rizki?

Na kuondoka kwa wachezaji wetu si jambo geni. Wakati ule Mombasa ilikuwa na timu za kutisha nchi nzima. Feisal ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na Liverpool ya hapa Mombasa ilikuwa na mashabiki ambao hata leo, wazee waliobaki, wakianza kusimulia hawamalizi. Lakini nguvu ya mpira ilivyozidi kuhamia Nairobi, kwenye kazi na mashirika makubwa, ndivyo vijana wetu walivyopanda gari la moshi kwenda huko.

Mfano ulio wazi ni Mahmoud Abbas, mlinda lango, mwana wa Mombasa, aliyepata sifa kubwa akiwa na AFC Leopards. Kenya ilipotwaa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mara 3 mfululizo, yaani 1981, 1982 na 1983, watangazaji walikuwa wakimwita "Kenya One", na nchi nzima ikalishika jina hilo. Wakati ule hatukuwa na njia ya kumfuata ila redio. Jumamosi alasiri watu walizunguka redio moja kama wanaosikiliza barua kutoka kwa ndugu aliye safarini. Sikumbuki mtu barazani kwetu akisema kwamba Mahmoud ametukimbia. Tulisema, "Kipa wetu amedaka." Ni neno hilo "wetu" ambalo naona linatuponyoka siku hizi.

Mimi ni shabiki wa Bandari, na mwaka 2019 tulikuwa na msimu wa kujivunia. Timu ilimaliza ligi katika nafasi ya pili nyuma ya Gor Mahia, na ikatwaa Ngao ya Shirikisho iliyotufungulia mlango wa kucheza mashindano ya Afrika. Langoni alikuwa Faruk Shikalo. Mwaka huo huo alikuwa mmoja wa walinda lango 3 waliokwenda Misri na Harambee Stars katika Kombe la Mataifa ya Afrika, ambako Kenya iliwafunga majirani zetu Tanzania 3-2. Baada ya hapo akavuka mpaka mwenyewe, akajiunga na Yanga ya Dar es Salaam.

Wapo walionuna. Timu ilikuwa inajiandaa kwa safari za Afrika, na kipa wake anaondoka! Nawaelewa. Lakini mimi na wenzangu wawili watatu tuliamua kumfuata kwa macho na masikio, na nakiri kwamba tulifaidika sana. Kabla ya hapo, ligi ya Tanzania kwetu ilikuwa ni Simba na Yanga na utani wao tu. Kwa ajili ya Shikalo tukaanza kuwajua Kagera Sugar, Mtibwa, Namungo na Coastal Union ya Tanga. Tukajifunza jinsi klabu iliyoanzishwa 1935 inavyoweza kujaza uwanja mkubwa wa taifa, ilhali sisi tukipata watu elfu chache Mbaraki tunaona sikukuu. Tukaanza kuulizana: wenzetu wanafanya nini ambacho sisi hatufanyi? Swali hilo hatukuwahi kuulizana kabla mtu wetu hajaenda huko.

Tukajifunza na jingine, tena gumu zaidi. Huko Yanga, Shikalo alishindania lango na Metacha Mnata. Zipo mechi alizosimama yeye, na zipo mechi alizokaa benchi akivaa koti huku mwenziwe akidaka. Mwaka 2021 akahamia KMC ya Kinondoni. Vijana wetu hudhani kwamba siku ya kutia saini klabu kubwa ndiyo siku ya kufika. Anayemfuatilia mchezaji huona kwamba hiyo ni siku ya kuanza upya, mbele ya watu wasiomjua, wasiokumbuka hata penalti moja aliyoiokoa kwao. Kocha wa watoto anayetaka kumweleza mwanafunzi wake maana ya subira hana haja ya hadithi za mbali. Na amweleze hiyo.

Wenzetu wa Gor Mahia nao yaliwakuta. Juni 2018, katika fainali ya SportPesa Super Cup pale uwanja wa Afraha, Nakuru, Gor Mahia iliifunga Simba 2-0, na mmoja wa wafungaji alikuwa Meddie Kagere. Haukupita muda Simba ikamchukua mtu yule yule aliyewatia uchungu. Katika ligi ya Tanzania alitia magoli 23 msimu wa 2018-19 na magoli 22 msimu uliofuata, akawa mfungaji bora mara 2 mfululizo. Februari 2019 goli lake ndilo lililowaangusha Al Ahly ya Misri 1-0 mjini Dar es Salaam. Nina rafiki yangu wa Gor, fundi cherehani, ambaye kila Kagere alipofunga alikuwa akisema, "Waone sasa tulichowapa!" Huyo namhesabu kuwa shabiki kamili. Hakumpoteza mchezaji, alipata fahari mara mbili, ya kwanza alipokuwa naye na ya pili alipomtoa.

Najua kuna atakayeniuliza: je, yule anayeondoka kwa shari? Swali hili ni la haki, nalo halihitaji jibu la haraka. Sote tulifuatilia habari za Feisal Salum, kijana wa Unguja ambaye wapenzi wake humwita Fei Toto. Alitoka JKU ya Zanzibar akajiunga na Yanga mwaka 2018, akapendwa mno. Desemba 2022 alitaka kuvunja mkataba. Shirikisho la Tanzania likaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Mvutano ukaendelea miezi kadhaa, hata Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akawaomba viongozi wa Yanga hadharani walimalize jambo lile, na mwezi huo huo kijana akahamia Azam. Msimu uliofuata alitia magoli 19 katika ligi na Azam ikamaliza ya pili.

Wakati wa mvutano ule mabaraza yetu yaligawanyika. Mimi nasema ahadi ni deni, na mchezaji aliyetia saini mkataba amefungwa nao. Lakini deni lina pande mbili. Nimezungumza na vijana, katika klabu ambazo sitazitaja, waliokaa miezi wakicheza bila mshahara, huku wakiambiwa wavumilie kwa mapenzi ya jezi. Anayedai mapenzi ya jezi na alipe kwanza jasho la anayeivaa. Ugomvi wa mikataba una vikao vyake na wanasheria wake, na wao ndio waamue. Sisi mashabiki kazi yetu si kumtukania kijana mamake aliyemzaa kwa sababu ya karatasi ambayo hatujaisoma. Matusi hayo hayamrudishi mchezaji. Huwafundisha tu wadogo walio nyuma yake kwamba mapenzi yetu ni ya kukodi, ya kupanda na kushuka kwa magoli.

Tazameni walivyofika mbali wale waliosindikizwa kwa dua. Michael Olunga alikuwa na Gor Mahia mwaka 2015 ilipotwaa ubingwa bila kufungwa hata mechi moja. Akapita Sweden, Uchina na Uhispania, kisha akafika Kashiwa Reysol ya Japani. Novemba 2019 alitia magoli 8 katika mechi moja waliyoshinda 13-1. Mwaka 2020 alitia magoli 28 katika ligi kuu ya Japani na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Januari 2021 akahamia Al-Duhail ya Qatar. Kwetu pwani hilo lilikuwa na ladha yake, maana ni nyumba chache hapa zisizo na mtu Doha, Dubai au Maskati. Ndugu zetu walioko huko wakifanya kazi za ulinzi, udereva na maduka walipata Mkenya mwenzao wa kumshangilia siku ya mapumziko. Mchezaji aliyehama aliwafuta upweke watu ambao hata hakuwajua.

Na Sadio Mané, ambaye wengi wetu tulimpenda akiwa Liverpool ya Uingereza, alihamia Bayern mwaka 2022 na Al-Nassr ya Saudia mwaka 2023. Kila alikokwenda, kijiji chake cha Bambali huko Senegal kilikwenda naye, maana alikijengea skuli na hospitali. Watu wa Bambali hawakuuliza jezi yake ni ya rangi gani. Walijua ni mtoto wao.

Sasa nifikie jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Mpira una umri mfupi. Nahodha wa merikebu huzeeka na usukani wake, lakini mchezaji akifika miaka 35 goti limeshakataa. Yule tuliyemfuata kwa redio au kwa simu siku za neema, ni nani humfuata siku hizo? Wapo hapa mjini, nawaona. Mmoja namjua anauza samaki wa kukaanga. Mwingine huketi msikitini baada ya alasiri, na vijana wanaopita hawajui kwamba mzee yule aliwahi kuvaa jezi ya taifa. Waliotoka kwenda Nairobi au Arabuni na wakarudi, wengi walirudi kimya kimya. Hatukuwalaki kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuwafuta siku walipoondoka. Kumfuata mchezaji maana yake ni kumfuata mpaka nyumbani kwake, na siyo mpaka goli lake la mwisho.

Mimi napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mamilioni. La kwanza, kila klabu ya pwani iwe na daftari la waliopita kwake: jina, miaka aliyocheza, alikokwenda, na aliko sasa. Leo ukitaka kujua ni nani waliochezea Feisal mwaka 1965, itakubidi ubishe nyumba kwa nyumba katika Mji wa Kale, na kila mwaka nyumba za kubisha zinapungua.

La pili, mchezaji wetu wa zamani anaporudi hapa na timu ngeni, asimame uwanja mzima umpigie makofi kabla ya mpira kuanza. Firimbi ikishalia, tumzomee akitaka kutufunga, hiyo ni haki ya mchezo. Lakini yale makofi ya kwanza ni deni letu.

La tatu, wakongwe waitwe wafundishe watoto, nao walipwe chochote kwa kazi hiyo. Mlinda lango aliyesimama mbele ya washambulizi wa Misri na Kameruni ana mengi ya kumwambia mtoto wa Majengo au Kisauni ambayo hayamo katika kitabu. Anayoyajua hayo akiyachukua kaburini, ni sisi tutakaokuwa tumefilisika.

Basi msimu wa usajili ukija tena, na kijana wetu mmoja akifunga mzigo wake kwenda Nairobi, Dar es Salaam au ng'ambo, naomba barazani lisitangulie lile neno chungu. Atangulie mtu mmoja kuuliza, "Mechi yake ya kwanza ni lini?" Na miaka 10 baadaye, akirudi amechoka na mguu unauma, awepo mtu wa kumsogezea nafasi kwenye baraza na kumwita kwa jina lake la uwanjani.